Posti Ndani ya Jiwe la Kunguru

Ardhi ya Naro Moru haipendi mtu. Nasema hivyo kwa sababu nimeichimba kwa mikono yangu, si maneno ya kusimuliwa. Juu kuna udongo wa kiganja kimoja, wa kukudanganya. Chini yake kuna changarawe iliyoshikana kama imemwagiwa simiti, na chini ya changarawe kuna mawe meusi ambayo mlima uliyatapika zamani ukatuachia sisi kuyaokota. Wamaasai walipaita hivyo kwa sababu ya hayo mawe meusi, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema hakuonywa. Baba yangu hakusikia. Alihama kutoka Wamagana, kwenye udongo mwekundu unaomeza jembe mpaka mpini, akaja kununua shamba huku kwa sababu lilikuwa kubwa. Alikufa akiwa bado anaokota mawe.

Mimi nilirudi hapo nikiwa na miaka hamsini na miwili. Nilikuwa nimeolewa Nanyuki, nikaachana na yule mtu kwa sababu zangu, na watoto wangu walikuwa wameshatawanyika kutafuta maisha yao. Katika lugha yetu kuna neno la mwanamke aliyerudi kwao kutoka kwenye ndoa. Sitaliandika hapa. Ni neno ambalo likisemwa nyuma yako sokoni unajua ni wewe, hata kabla hujageuka. Nilitaka kitu kimoja tu: mahali ambapo nikiinjika sufuria yangu, hakuna mtu wa kuniambia niitoe.

Shamba lilikuwa mikononi mwa ndugu yangu, kitinda mimba wetu. Hati ilikuwa bado kwa jina la baba, lakini yeye ndiye aliyekuwa akilima, yeye ndiye aliyekuwa na ng'ombe, na mama yetu, ambaye hata yeye mwenyewe hajui umri wake sawasawa, alikuwa akilala kwenye nyumba yake. Sheria ya siku hizi inasema binti naye anarithi. Ndugu yangu alikuwa hajakutana na hiyo sheria. Nilipomwambia nataka sehemu yangu, alicheka, akamwita mkewe aje asikie.

"Ati nini? Hebu rudia, madam wa Nanyuki."

Nikarudia. Nilirudia kwake, nikarudia kwa chifu msaidizi, nikarudia kwa wazee wa ukoo, hadi wazee watatu wakachoka na sauti yangu wakaja. Walikaa kwenye viti vya sebule ya ndugu yangu, wakanywa chai yake, wakala chapati zake mpaka zikaisha, kisha wakaamua. Nipewe upande wa juu, wenye mawe. Mpaka utoke kwenye nguzo ya stima iliyo kando ya barabara, uende moja kwa moja hadi kwenye jiwe la kunguru. Lilikuwa jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala, jeupe kwa mavi ya kunguru waliokuwa wakikaa juu yake tangu sisi ni watoto. Pande nyingine zote zilikuwa na ua wa majirani. Uliobaki wazi ni huo mmoja tu, kati yangu na mtoto wa mama yangu.

"Lakini," mzee mkubwa wao akasema, "shamba haikai wazi kama mdomo wa mjinga. Uweke ua kabla ya mvua ya njahi. Mvua ikinyesha na hakuna ua, huyu atapanda viazi yake kama kawaida, na maneno iishie hapo."

Mvua ya njahi ndiyo ile ndefu, inayoanza mwezi wa tatu ukielekea mwisho. Tulikuwa mwezi wa pili. Waliyaandika hayo kwenye daftari la shule la mtoto wa ndugu yangu, tukatia sahihi, na mama akaweka kidole.

Mimi nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja Nanyuki. Nikaomba likizo yangu yote ya mwaka, wiki tatu. Nikanunua posti za mtarakwa, mti usioliwa na mchwa kwa urahisi, nikazipaka oili chafu ya gari upande wa kuingia ardhini. Kisha nikatafuta mtu wa kunisaidia kuchimba. Nilimpata mpagazi mmoja wa mlimani, mwanamume wa kama miaka arobaini, ambaye kazi yake ni kubebea wageni mizigo wakipanda mlima. Wakati huo wageni walikuwa wachache. Aliitazama ile ardhi, akaipiga teke, akanitazama.

"Mama, hapa si kuchimba," akasema. "Hapa ni kupigana na mtu hamjakosana."

Tulianza kwenye nguzo ya stima. Kwa mtu ambaye hajawahi kuweka posti kwenye mawe, wacha nimweleze ili aache kutuonea huruma ya bure. Sururu haifai, inapasua shimo likawa pana na posti ikakosa mahali pa kuegemea. Beleshi halifai, haliingii. Kinachofaa ni mtaimbo, ule mti wa chuma unaouinua kwa mikono miwili na kuuangusha wima, unaangusha, unaangusha, mpaka changarawe ikubali kumeguka. Halafu unapiga magoti, unaingiza mkono hadi kwenye kwapa, unachota vipande kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Shimo la futi mbili linachukua asubuhi nzima. Mtaimbo ukilia "ting", umekutana na jiwe la kutoka. Ukilia "du" mzito, umekutana na jiwe lisilotoka, na hapo unasimama, unafuta jasho, unatukana.

Nilitukana sana. Nimelelewa kanisani na ninajua nilichokuwa nikisema. Viganja vilitoka malengelenge siku ya kwanza, yakapasuka siku ya pili, siku ya tatu nikavifunga kwa vitambaa vya mashuka yaliyotupwa hotelini. Jumapili nilichimba pia. Watu walipita wakienda ibada, wamevaa vizuri, wakatikisa vichwa, na mama mmoja akaniambia siku ya Bwana ina baraka zake. Nikamwambia aniachie hizo baraka hapo kando ya shimo, nitazitumia kesho.

Na ndugu yangu alikuwepo. Kila asubuhi, baada ya kukamua, alikuja na kamba ya manila. Aliifunga kwenye nguzo ya stima, akaenda kuifunga kwenye kijiti alichokwamisha katika ufa wa jiwe la kunguru, akaivuta mpaka ikalia. Halafu akasimama, mikono nyuma, anangoja nikosee. Kwenye ardhi kama ile kila mchimbaji husogeza shimo. Mtaimbo ukisema "du", unasogea nusu hatua, unajaribu tena. Hakuna ua wa Naro Moru ulionyooka. Lakini mimi sikuruhusiwa kusogea hata upana wa kidole.

"Umeingia kwangu."

"Nimeingia wapi? Kuna jiwe hapo!"

"Jiwe ni yako. Wazee walisema laini iende straiti."

"Basi nisogee upande wangu."

"Sogea upande yako. Hiyo sikatai."

Kwa hivyo kila jiwe lisilotoka lilinila mimi. Nikasogea kwangu mara tatu, na mara ya nne nikasema haki ya Mungu sisogei tena. Jiwe la shimo la nne tulilipiga siku mbili. Ncha ya mtaimbo ilipinda, nikaipeleka kwa fundi wa jua kali pale sokoni akainoa, nikarudi nikaendelea. Watu husema hasira hasara. Mimi hasira ndiyo iliyonichimbia. Bila hasira ningekuwa nimekaa chini kwenye shimo la pili nikalia.

Mama alikuwa akituangalia kutoka mlangoni kwa jiko la ndugu yangu, ameketi kwenye kigoda, fimbo yake magotini. Siku nyingine alininyanyulia mkono. Mimi nilipewa jina la mamake, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto huniita "maitu", yaani mama yangu. Ukisikia mwanamke wa miaka tisini hivi anakuita mama yake mbele ya watu, unajiona una mtu duniani. Nilikuwa nikimnyanyulia mkono wangu wenye vitambaa, narudi kuchimba.

Tulifika kwenye jiwe la kunguru zikiwa zimebaki siku mbili za likizo yangu. Posti ishirini na tisa zilikuwa zimesimama nyuma yetu, tumezishindilia kwa mawe mpaka ukizisukuma kwa bega hazisemi kitu. Ilibaki moja, ya pembeni, ile inayobeba mvuto wa waya yote. Nikaiweka kando ya jiwe, upande wangu. Ndugu yangu akatikisa kichwa.

"Daftari inasema kwenye jiwe. Si kando ya jiwe."

"Sasa unataka niiweke juu kama kunguru?"

"Mimi sijui. Mimi nasoma daftari tu."

Hapo ndipo kitu kiliponikatika. Wiki tatu nimekaa na huyo mtu mgongoni, na kamba yake, na mikono yake nyuma. Nikasema sawa. Umesema kwenye jiwe, itaingia kwenye jiwe. Nitalipasua hili jiwe, nitachimba pale lilipolala, na posti itasimama mahali pake hasa, na hutakuwa na la kusema mpaka ufe.

Mpagazi aliweka mtaimbo chini.

"Mama, jiwe ya mpaka haichezewi. Kwetu mtu akigusa jiwe ya mpaka, wazee lazima wawepo."

"Umeajiriwa kuchimba au kuhubiri?"

"Kuchimba, mama."

"Haya."

Jiwe kubwa halipasuliwi kwa nyundo peke yake. Unaliwashia moto. Tulikusanya matawi makavu ya misonobari, magunzi, na tairi moja kuukuu, tukalifunika, tukawasha kesho yake asubuhi mapema. Kunguru walizunguka juu wakipiga kelele. Kufikia saa sita jiwe lilikuwa limeshika moto kiasi kwamba ukisimama karibu nyusi zinakunjika. Sasa linahitaji maji baridi, mengi, kwa mpigo mmoja, na mimi nilikuwa na ndoo moja tu. Nikageuka, nikamwona ndugu yangu anakuja na wilbaro. Ndani ya wilbaro kulikuwa na mitungi minne ya maji.

Sikuamini. Aliishusha mmoja mmoja bila kunitazama. Akasema, "Mimina kutoka juu, si kando." Tukamimina wote watatu. Jiwe likalia kama bunduki, likapiga ufa kutoka kichwa hadi chini, halafu mwingine, na mvuke ukatufunika. Nilimshukuru. Kwa mdomo wangu huu nilisema asante sana, ndugu yangu, Mungu akubariki. Nikafikiri damu imekuwa nzito kuliko maji, na kwamba mtu akiona dada yake ameteseka kiasi hicho lazima moyo ulegee hata kama ni wa mtarakwa. Nilikuwa na furaha, na sasa nikiikumbuka hiyo furaha ndiyo inayonichoma kuliko yote yaliyofuata.

Ndani, jiwe lilikuwa jeusi kama mawe mengine yote ya Naro Moru. Ule weupe ulikuwa wa kunguru tu, na moto ulikuwa umeula. Tulilivunja vipande, tukachimba pale lilipolala, tukasimamisha posti, na vipande tukavitumia kushindilia hiyo posti na nyingine kadhaa zilizokuwa zimelegea. Kazi safi. Ilibaki waya tu. Nikasema nitakuja Jumamosi kuifunga, nikarudi Nanyuki kufua mashuka. Mpagazi alipata wageni wiki hiyo hiyo, akapanda nao mlimani.

Jumamosi nilishuka barabarani na marobota ya seng'enge na misumari. Nikatazama juu. Ua wangu ulikuwa umesimama vizuri, posti moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, na mwishoni hakukuwa na kitu. Nilihesabu mara mbili. Nikatembea haraka, kisha nikakimbia. Pale posti ya pembeni ilipokuwa kulikuwa na rundo la mbolea ya ng'ombe, refu kunizidi, bado linatoa moshi. Na hatua thelathini ndani ya sehemu yangu, kulikuwa na posti yangu, imesimama kwenye shimo jipya. Kuizunguka, ardhi ilikuwa imeungua nyeusi. Vipande vya mawe vilikuwa vimetapakaa, na kwenye vipande viwili kulikuwa na mavi mapya ya kunguru, ingawa moto ulikuwa umeyala yale ya zamani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja: mitungi minne, "mimina kutoka juu", mikono nyuma. Daftari lilisema jiwe. Jiwe lilikuwa limekwenda, na aliyelivunja ni mimi, mchana, watu wakiona moshi. Na zile hatua thelathini hazikuwa hatua za hivi hivi. Hapo ndipo palipokuwa na kipande pekee chenye udongo katika sehemu yangu yote, pale nilipokuwa nimeamua kusimamisha nyumba. Nilipiga yowe. Ndugu yangu akatoka kwenye zizi na ndoo ya maziwa.

"Ni nini, madam?"

"Umeng'oa posti yangu! Jiwe lilikuwa pale, chini ya hayo mavi yako!"

"Jiwe ilikuwa hapo uliposimama. Si uliichoma wewe? Ona majivu."

Ningekuwa na mtaimbo mkononi leo ningekuwa naandika haya kutoka gereza la King'ong'o. Sikuwa nao. Niliwapigia simu wazee.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, na suti zao. Walitembea kwenye ule ua wangu wakisifu posti, ati kazi ngumu kama ya mwanamume. Walitazama majivu. Mmoja akaokota kipande chenye mavi ya kunguru, akakinusa, sijui alitaka kusikia nini. Nikawaambia jiwe lilikuwa chini ya mbolea, tuichote, tutaona shimo la kwanza na majivu ya kweli.

Mzee mkubwa alitazama rundo la mbolea. Akatazama viatu vyake vya kanisa. "Hiyo ni kazi ya siku mbili," akasema. "Na huyo aliyekuchimbia yuko wapi?"

"Yuko mlimani."

"Hata angekuwa hapa. Mtu wa kulipwa si shahidi." Halafu akanigeukia kabisa. "Lakini wewe nani alikuambia uvunje jiwe ya mpaka? Mtu mzima! Baba yako hakukufundisha? Hata ungeweka posti ya dhahabu, posti inang'oka. Ndiyo maana sisi tuliandika jiwe."

Hilo ndilo kosa langu na sijampa mtu mwingine. Nilijua tangu utotoni kwamba alama ya mpaka haiguswi na mtu mmoja peke yake, kila mtoto wa kwetu anajua. Nilifikiri nikifuata neno la daftari mpaka tone la mwisho nitakuwa nimemfunga ndugu yangu. Nikajifunga mimi.

"Tumuulize mama," mzee wa pili akasema.

Moyo wangu ukatulia, kweli kabisa. Mama alikuwa ameketi mlangoni kwa lile jiko miaka yote, uso wake ukielekea jiwe la kunguru. Alikuwa ameanikia mahindi juu yake kabla ya kunguru kuwa wengi. Angeweza kulionyesha akiwa amefumba macho. Walimleta polepole, amemshika mke wa ndugu yangu mkono. Mzee akamwuliza kwa heshima na kwa sauti ya juu, jiwe lilikuwa wapi.

Mama alimtazama ndugu yangu. Akanitazama mimi. Kisha akainua fimbo, akaielekeza kwenye majivu, pale ndugu yangu aliposema.

"Hapo," akasema.

Wazee wakaandika. Wakasema posti zote zifuate laini mpya, kutoka nguzo ya stima mpaka hapo, na neno lao kuhusu mvua linabaki lile lile. Wakaenda kunywa chai.

Mimi nilimfuata mama jikoni. Mke wa ndugu yangu alipotuona alitoka nje, na hilo nampa sifa. Mama alikuwa ameketi akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikafunga mlango.

"Mama, umenifanyia nini?"

Aliendelea kuchambua. "Jiwe ilikuwa wapi, unajua na najua."

"Sasa kwa nini?"

"Maitu," akasema, "mimi nakula kwake. Wewe unakaa nyumba ya kukodi Nanyuki. Ningesema ilikuwa kule, leo jioni ningekula wapi?"

Alisema bila aibu na bila machozi, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Nilitaka aombe msamaha. Nilitaka aseme amesahau, amezeeka, macho hayaoni, uongo wowote wa kunisaidia. Hakunipa hata huo. Nikamwambia, "Basi kula," nikatoka, na sikumsalimia tena.

Mpagazi aliporudi kutoka mlimani alinikuta nang'oa. Alitua mzigo wake chini.

"Mama, si nilisema?"

"Ukirudia hilo neno utakwenda zako."

Alivua koti, akashika mtaimbo. Posti ishirini na saba tulizing'oa, mbili za mwanzo karibu na nguzo ya stima zikabaki, tukachimba mashimo ishirini na saba mengine, na laini mpya ilipita kwenye mawe mabaya kuliko ya kwanza. Niliomba ruhusa hotelini wakaninyima, nikaacha kwenda, wakaniachisha kazi. Ndugu yangu alikuja na kamba yake siku moja tu. Nilimtazama, nikaendelea kumtazama, akaikunja akaondoka. Mvua ya kwanza ilitukuta tunapigilia misumari kwenye posti ya pembeni, matone makubwa ya baridi. Tulifunga laini ya nne ya waya tukiwa tumelowa mpaka kwenye mifupa. Wazee walipita na miavuli yao wakasema ua upo.

Upande ule sikuweka geti. Fundi yeyote angekuambia uache mlango kati ya nyumba za ndugu, wa kupitisha moto na chumvi. Sikuacha hata nafasi ya kuku. Nilijenga vyumba viwili vya mabati juu ya mwamba, kwa sababu udongo ulikuwa umeenda, nikaanza kufulia watu wa sokoni nguo. Nikiinjika sufuria yangu, hakuna aliyeniambia niitoe. Nilipata nilichotaka, na nililala nikiwa nimekunja ngumi.

Mama alianza kuja kwenye waya mwezi wa sita, kukiwa na baridi. Alikuja asubuhi, akasimama na fimbo yake upande wa pili, karibu na posti ya kumi au kumi na moja.

"Maitu, umeamkaje?"

Nilikuwa nafua. Nikageuza mgongo. Kuzunguka kwa barabara mpaka kwangu ni safari ya mtu mwenye magoti, na yeye hana. Alisimama kwa muda, akarudi. Wiki iliyofuata akaja tena, nikaingia ndani nikafunga mlango, nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa ndugu yangu. Ndugu yangu sikumtarajia kitu.

Mara ya tatu alikuja kukiwa na manyunyu. Hakuniita. Alishika waya kwa mkono mmoja, pale katikati ya miba, na akasimama tu, na khanga yake ilikuwa imelowa mabegani. Nilikuwa napika mukimo. Nilivumilia mpaka viazi vikaiva. Nikavumilia mpaka nikaviponda. Halafu nikasema neno ambalo mtu wa kanisa hasemi, nikachukua plaisi, nikatoka.

Nilikata waya ya kwanza, ikaruka ikinipiga kwenye mkono. Nikakata ya pili, ya tatu, ya nne. Ndugu yangu alipiga kelele kutoka zizini.

"Wee! Unaharibu mpaka!"

"Waya ni yangu!" nikamjibu. "Njoo uiandike kwenye daftari!"

Nilimshika mama kwapani, nikampitisha katikati ya posti mbili, mguu mmoja kisha mwingine. Alikuwa mwepesi kuliko ndoo ya nguo mbichi. Hakuna aliyesema pole. Nilimkalisha karibu na moto, nikampakulia mukimo, laini kwa sababu hana meno, na supu juu yake. Alikula polepole, na mimi nikakaa mbele yake na hasira yangu, nikimtazama akila. Alimaliza, akapangusa sahani kwa kidole, akalamba kidole. Kisha akajiweka sawa kwenye kiti, akaikamata fimbo yake.

"Sasa nimekula kwako," akasema. "Waite wale wazee."

Hakuwa anatania. Angeliwaonyesha jiwe, mbele ya mwanawe, kwa mkono ule ule. Nilijua hivyo, na nilijua zile hatua thelathini zenye udongo zilikuwa mlangoni mwangu, kwa bei ya sahani moja. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilichukua ile sahani, nikamwongezea.

Wazee sikuwaita. Wasingekuja kabla ya Jumapili, na katikati hapo ndugu yangu naye angepika.